Brigedi ya Bangalore haikushindwa na nyuki

Simulizi za mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, kati ya Waingereza na Wajerumani, huanza na nyuki waliowavamia askari. Msimulizi akishawamaliza nyuki, anahamia kwa Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Kijerumani aliyewapiga watu waliomzidi kwa mbali. Hadithi zote mbili zina ukweli ndani yake, tena ni tamu, ndiyo maana zimedumu zaidi ya miaka 100. Ila katikati ya nyuki na Lettow wamesahauliwa watu wapatao 8,000 waliosafirishwa kutoka India, na hasa wale wa Brigedi ya 27, iliyojulikana kama Brigedi ya Bangalore.

Hii ndiyo brigedi iliyobebeshwa lawama. Ilitumwa kazi ambayo haikuandaliwa kuifanya, ikavunjika ndani ya alasiri moja, kisha ikasemwa kwamba imevunjika kwa sababu askari wake wengi walitoka makabila yasiyojua vita. Naona maelezo hayo hayasimami, na naona yaliwafaa sana watu waliokuwa wamekaa ofisini.

Kwanza tujue brigedi yenyewe ilikuwa kitu gani. Lord Kitchener alipokuwa amiri jeshi wa India alilipanga upya jeshi kuanzia mwaka 1903. Vikosi vilipewa namba mpya, vikagawanywa katika divisheni na brigedi zenye majina ya miji. Brigedi ya 27 iliwekwa chini ya Divisheni ya 9 ya Secunderabad. Kwenye karatasi mpango ulipendeza. Kwa vitendo, brigedi nyingi wakati wa amani zilikuwa anwani ya posta kuliko timu: batalioni zikikaa kambi mbalimbali, zikihamishwa huku na kule, na makamanda wao wakikutana mara chache.

Vita vilipoanza Agosti 1914, India iliombwa askari na kila mtu. Misafara ikapewa herufi. A ilikwenda Ufaransa na divisheni mbili nzima, za Lahore na Meerut. D ilikwenda Ghuba ya Uajemi, ikateka Basra. C, ndogo, ilitumwa Mombasa kulinda reli ya Uganda. B ndiyo ilipangiwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na kwa kuwa waliobora walikwishachukuliwa na wengine, ikakusanywa kutoka kwa waliobaki. Meja Jenerali Arthur Aitken akapewa ukuu wa msafara. Brigedia Jenerali Richard Wapshare akaongoza ya Bangalore, na Brigedia Jenerali Michael Tighe akaongoza brigedi ya pili, iliyoundwa kwa sehemu kubwa na majeshi ya wafalme wa Kihindi wa Kashmir na Gwalior.

Ndani ya Brigedi ya Bangalore mlikuwa na batalioni nne: Loyal North Lancashire ya Waingereza, 63rd Palamcottah Light Infantry, 98th Infantry na 101st Grenadiers. Moja ya Kiingereza, tatu za Kihindi, kama ilivyokuwa desturi tangu maasi ya 1857, kwa sababu Waingereza hawakutaka tena brigedi ya Wahindi watupu. Kwa hiyo hata idadi ya batalioni ilipangwa kwa hofu ya maasi kabla ya kufikiria adui wa nje.

Hapo kwenye 63rd ndipo mzizi wa jambo ulipo. Palamcottah ni mji wa kusini kabisa mwa India, leo unaandikwa Palayamkottai, katika jimbo la Tamil Nadu. Kikosi hicho kilitokana na Jeshi la Madras, na Jeshi la Madras ndilo lililoisaidia kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki kuiteka India. Masipai, yaani askari wa Kihindi, wa Madras walikuwa na Robert Clive, kamanda wa kampuni hiyo, alipouteka Arcot mwaka 1751, na walikuwa naye kwenye mapigano ya Plassey mwaka 1757. Bila Watamil, Watelugu na Waislamu wa kusini, sijui Waingereza wangeifikiaje Delhi.

Lakini ushindi ukiisha, shukrani nazo huisha. Katika miaka ya 1880 Lord Roberts, aliyekuwa mkuu wa Jeshi la Madras kabla ya kuwa mkuu wa jeshi lote la India, alishikilia kwamba watu wa kusini wamelegea, hawafai tena vitani. Ikazaliwa nadharia ya makabila ya kivita: Wasikh, Wapathani, Wagurkha, Warajput, Wadogra na Waislamu wa Punjab ni wapiganaji wa kuzaliwa, Watamil, Watelugu na Wabengali si wapiganaji. Batalioni nyingi za Madras zilivunjwa au zikageuzwa za Punjab, namba zikibaki na watu wakibadilika. Zilizosalia zilikaa kwenye kambi za kusini ambako hapakuwa na mpaka wa kulinda, na afisa kijana mwenye ndoto ya kupanda cheo aliomba apelekwe kwingine.

Tazama mchezo ulivyochezwa. Unamnyima mtu vita, unamnyima silaha mpya, unampelekea maafisa waliokosa nafasi pengine, kisha baada ya miaka 30 unampeleka vitani na kushangaa kwamba hana mazoea ya vita. Sisi huku tunaujua mchezo huu. Wakoloni waliyachambua makabila yetu vilevile, hawa wa bunduki, hawa wa shamba, hawa wa ukarani, na bado wapo watu wazima wanaojisifia kwa uchambuzi huo kana kwamba uliletwa na malaika.

Msafara uliondoka Bombay tarehe 16 Oktoba 1914. Baadhi ya askari walikuwa wamekabidhiwa bunduki za aina mpya muda mfupi tu kabla ya safari, nao hawakuzizoea. Meli zilijaa kupita kiasi. Watu wengi, hasa wa vijijini mbali na pwani, hawakuwahi kuiona bahari. Walitapika njia nzima, wakala chakula wasichokizoea, na hawakuambiwa wanakwenda wapi. Tarehe 31 Oktoba makamanda walikuwa Mombasa kwa mkutano. Mpango ulikuwa kuiteka Tanga, kisha kupanda na reli ya Usambara hadi Moshi.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko nyuki wote wa Tanga. Asubuhi ya tarehe 2 Novemba, manowari Fox ya Kapteni Francis Caulfeild iliingia peke yake kwenye maji ya Tanga. Agosti yalikuwa yamefanyika mapatano kwamba bandari za Tanga na Dar es Salaam hazitapigana wala kupigwa. Serikali ya Uingereza haikuyaidhinisha, lakini jeshi la majini lilijiona linawajibika kutoa taarifa kwamba yamekwisha. Caulfeild akamwita mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Auracher, akamwambia mji ujisalimishe. Auracher akaomba nafasi ya kushauriana, akashuka nchi kavu, na hakurudi. Taarifa ikapanda kwenye waya kwenda Moshi, kwa Lettow.

Caulfeild naye akaogopa mabomu ya baharini. Akaanza kuifagia njia ya maji, saa baada ya saa, akitafuta mabomu ambayo hayakuwepo. Wakati huo Lettow alikuwa anapakia makombania yake kwenye treni. Reli ile ya kilomita 350 hivi, iliyofika Moshi miaka michache tu nyuma, ikawa silaha ya kwanza ya vita. Tarehe 2 Tanga ilikuwa na kama kombania moja. Tarehe 4 ilikuwa na watu wapatao 1,000, na Lettow mwenyewe alikuwa amekwisha kuupita mji usiku juu ya baiskeli, akiangalia mitaa mitupu, fukwe na taa za meli za adui. Ameandika hayo mwenyewe baadaye, kwa namna ya mtu anayekumbuka matembezi.

Aitken hakushuka bandarini. Alichagua ufukwe wa Ras Kasone, mashariki ya mji, wenye mikoko, majabali na njia nyembamba za kupandia juu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Tighe aliteremshwa na 13th Rajputs na sehemu ya 61st Pioneers. Walikwenda kuelekea mji bila kujua mbele kuna nini, wakapigwa, Warajput wakavunjika na kurudi ufukweni. Kumbuka jina hilo: Warajput. Katika orodha ile ya makabila ya kivita walikuwemo.

Brigedi ya Bangalore ilishuka siku hiyo na usiku wake. Tarehe 4, mnamo adhuhuri, jua likiwa utosini, mstari mrefu ukaanza kusogea kuelekea mji. Kulia, upande wa bandari, walikuwa Kashmir Rifles. Kisha North Lancashire. Kisha 63rd. Kushoto kabisa 101st Grenadiers. Nyuma 98th kama akiba, pamoja na waliokwishapigwa jana yake. Mizinga ya milimani haikushushwa. Iliachwa juu ya meli, ifyatue kutoka sitahani, na kutoka sitahani ilionekana minazi tu. Mstari ulipita katikati ya mashamba ya mpira na mkonge na vichaka ambamo mtu hamwoni mwenzake wa hatua 20. Maji kwenye chupa yakaisha. Watu wakaanza kuanguka kwa joto kabla risasi haijalia.

Ilipolia, ilitoka kwenye mtaro wa reli pembeni mwa mji, ambako askari wa Lettow walikuwa wamejipanga na bunduki za rashasha. 63rd walikuwa katikati ya mstari, wakachukua moto wa mbele. Wakavunjika. Hilo halipingiki, na sitaki kulipamba. Walikimbia hadi ufukweni, wakasongamana majini wakizitaka mashua, na pengo likafunguka kati ya North Lancashire na Grenadiers.

Kilichofuata ndicho kinachoivuruga hadithi rasmi. North Lancashire na Kashmir Rifles waliendelea, wakaingia mjini, wakapigana nyumba kwa nyumba mpaka karibu na forodha. Katika mapigano hayo ya mjini na pembezoni mwake aliuawa Tom von Prince, yule ambaye wenyeji walimwita Bwana Sakarani, aliyeshiriki kuivunja ngome ya Mkwawa huko Kalenga mwaka 1894. Kushoto, 101st Grenadiers walibaki ubavu wazi, bila mtu kulia wala kushoto kwao. Lettow aliuona ubavu ule, akaushambulia kwa kuuzunguka. Grenadiers hawakukimbia. Walikatwa pale pale, na wengi wa maafisa wao waliangukia pale. Hao nao ni Brigedi ya Bangalore, ingawa ukisoma simulizi nyingi utadhani brigedi nzima ilikuwa 63rd peke yao.

Na nyuki? Walikuwepo. Risasi zilipasua mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini na nyuki wakawashukia 98th, wakawasambaratisha. Lakini waliwashukia pia Wajerumani, na Lettow analalamika kwamba baadhi ya bunduki zake za rashasha zilinyamazishwa nao. Magazeti ya Uingereza yalipoanza kuandika kwamba Wajerumani walitega nyuki kwa kamba, ulikuwa uvumi uliowapendeza wengi, kwa maana kushindwa na mdudu ni bahati mbaya na hakuna wa kuulizwa.

Jioni ilipoingia pande zote mbili zilichanganyikiwa. Inajulikana kwamba tarumbeta za Kijerumani zilipigwa na baadhi ya makombania yakarudi nyuma kwa kutoelewana, mji ukabaki karibu mtupu kwa saa kadhaa za usiku. Aitken hakujua. Tarehe 5 aliamuru watu wake warudi melini na kuacha kila kitu kizito. Waliwaachia Wajerumani mamia ya bunduki mpya, bunduki za rashasha na risasi 600,000. Lettow aliwavisha silaha hizo makombania yake yaliyokuwa bado yanatumia bunduki za 1871 zenye kutoa moshi mzito. Kwa maneno mengine, Uingereza ndiyo iliyomwandaa adui wake kwa vita vya miaka minne.

Upande wa Uingereza na India ulipoteza zaidi ya watu 800 kwa kuuawa, kujeruhiwa na kupotea. Upande wa pili waliokufa walikuwa kama 70, wengi wao Waafrika. Serikali ya London ilizificha habari hizo kwa miezi. Udhibiti wa vita vya Afrika Mashariki ulihamishwa kutoka Ofisi ya India kwenda Wizara ya Vita. Aitken alishushwa cheo hadi kanali. Wapshare akashika nafasi yake, na Brigedi ya 27 haikuonekana tena kama brigedi: batalioni zake zilitawanywa kando ya reli ya Uganda, kombania hapa, platuni pale, zikilinda madaraja na kuugua malaria.

Halafu ndipo maelezo yakaanza kupangwa. Askari wa kusini walikuwa dhaifu. Damu yao haina vita. Mtetezi wa nadharia hii hukimbilia kusema: waliosimama imara ni Kashmir Rifles, na hao ni Wadogra na Wagurkha, makabila ya kivita. Sawa. Basi atueleze Warajput wa tarehe 3. Na atueleze kwa nini Kashmir Rifles, licha ya damu, walikuwa pia na kitu ambacho 63rd hawakuwa nacho: majeshi ya Kashmir yalikuwa yamepigana Hunza mwaka 1891 na Chitral mwaka 1895, kwenye mpaka wa kaskazini wa India, chini ya maafisa wao wenyewe wa Kihindi waliojua lugha na majina ya watu wao. North Lancashire nao walikuwa wakazi wa kambi moja, kikosi kilichozoeana. Ukipanga vikosi kwa mazoezi, mazoea na uongozi, matokeo ya Tanga yanaeleweka. Ukivipanga kwa kabila, hayaeleweki mpaka ufiche baadhi yake.

Januari 1915 ilitoa ushahidi mwingine. Huko Jasini, karibu na mpaka wa pwani, kikosi kidogo chenye Kashmir Rifles ndani yake kilizingirwa na Lettow. Kamanda wao, Luteni Kanali Raghbir Singh, aliuawa, na waliobaki walijisalimisha baada ya kuishiwa risasi. Wanajeshi hawa walishindwa pia. Hakuna aliyesema damu yao imelegea. Lettow alishinda, lakini alipoteza maafisa wengi na risasi nyingi kiasi cha kuamua kwamba hawezi kupigana vita vya namna ile tena, akageukia vita vya kuviziana ambavyo viliwamaliza wapagazi na wakulima wetu kuliko askari wa pande zote.

Mwaka mmoja baadaye, Februari 1916, Waafrika Kusini weupe walioletwa kwa mbwembwe walivunjika kwenye kilima cha Salaita, si mbali na Taveta, wakakimbia mbele ya askari Waafrika. Waliosimama kuziba pengo walikuwa 130th Baluchis kutoka India. Inasimuliwa kwamba Wabaluchi waliwarudishia Waafrika Kusini bunduki yao ya rashasha waliyoitelekeza, pamoja na ujumbe wa heshima wa kuwaomba wasiwaite tena makuli. Nadharia ya damu haikutungwa upya kwa ajili ya wazungu wale. Ilisemwa walikuwa wageni, hawakuzoea pori, hawakupata mazoezi. Sababu hizo hizo, neno kwa neno, zingetosha kwa Watamil wa Tanga.

Tatizo la uhasibu wa namna hii liliendelea hata kaburini. Aprili 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikikiri kwamba kati ya watu 45,000 na 54,000 waliofia Uingereza katika vita vile, hasa Wahindi, Waafrika Mashariki na Magharibi, Wamisri na Wasomali, hawakukumbukwa sawa na wenzao weupe. Wengine wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wa hao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Sipai wa 63rd aliyeanguka Ras Kasone na mpagazi aliyefia Rufiji wamo kwenye daftari moja la waliopunjwa, ingawa wa pili alipunjwa zaidi, na ni vema wanahistoria wetu wakawatafuta wote wawili kwa pamoja.

Huko India, hukumu ya Tanga ilitekelezwa taratibu. Katika miaka ya 1920 askari wa miguu wa Madras walifutwa karibu wote, kwa hoja za kubana matumizi zikichanganywa na zile hoja za zamani za damu. Kisha ikaja vita ya pili, Wajapani wakafika mpakani mwa India, na Punjab peke yake haikutosha tena kujaza jeshi. Ghafla Watamil na Watelugu wakaonekana wanafaa. Kikosi cha Madras kikaundwa upya, kikapelekwa Burma, kikapigana kwenye misitu minene kuliko ya Tanga, kikiwa na mazoezi, na maafisa, na bunduki walizozizoea. Hadi leo kipo katika jeshi la India, nacho hujihesabu kuwa kikosi kikongwe kuliko vyote vya askari wa miguu nchini humo.